Chumba cha Chini Kikitoa Maji: Mwongozo kwa Wenye Nyumba wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Ukiona rangi ya ukuta wa chumba cha chini inafura na kubabuka, usikimbilie duka la rangi. Mpaka rangi awe mtu wa mwisho kuingia chumba hicho. Kabla yake kuna kazi ya jembe, ya mwashi na ya fundi bomba, na kazi hiyo ikifanywa sawasawa, mara nyingi rangi ya bei ghali haihitajiki tena. Kila masika watu wa huku kwetu hutia pesa nyingi katika rangi za kuzuia maji zinazopakwa upande wa ndani, na masika yanayofuata rangi hiyo huanguka vipande vipande pamoja na plasta yake. Maji yakishaingia ukutani, yatatokea tu mahali fulani. Dawa ni kuyapatia njia nyingine kabla hayajaufikia ukuta.

Besimenti zilizochimbwa kwa makusudi si nyingi huku kwetu, lakini vyumba vilivyo chini ya usawa wa ardhi vimejaa. Kuna nyumba za miteremko ya Mikindani na Port Reitz ambazo udongo umeegemea ukuta wa nyuma hadi usawa wa dirisha. Kuna stoo na maegesho ya magari chini ya magorofa ya Nyali na Bamburi. Na kuna nyumba za kawaida kabisa, zilizojengwa zikiwa sawa na njia, kisha njia ikajazwa kifusi na lami mara mbili tatu mpaka mlango ukabaki bondeni. Mwenye nyumba hakuchimba chochote, ila sasa anashuka ngazi kuingia sebuleni kwake. Haya yanayofuata yanawahusu wote hao.

Kwanza ijue ardhi yako

Dawa iliyomfaa shemeji yako wa Kisauni inaweza kukutia hasara Changamwe, kwa sababu ardhi si moja. Ukanda ulio karibu na bahari, upande wa Likoni na upande wa Nyali, Bamburi na Shanzu, umekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale uliojaa matundu na nyufa, na mahali pengine juu ya mchanga. Mvua ikinyesha hapo, maji hupotea upesi. Ukivuka kwenda Changamwe, Magongo, Chaani na Mikindani, chini kuna mwamba wa udongo uliogandamana tabaka kwa tabaka tangu zama za Jurasiki, na juu yake umelala udongo mfinyanzi. Udongo huo hunywa maji polepole sana. Masika hufura, kaskazi hukauka na kupasuka, na nyumba iliyosimama juu yake hupata nyufa za mshazari kwenye pembe za milango na madirisha.

Kwa hiyo Changamwe shida kubwa ni maji ya juu yanayokwama kando ya ukuta. Kwenye matumbawe shida inaweza kuwa maji ya ardhini yenyewe. Anayetaka kuyaona kwa macho aende Haller Park, Bamburi. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji. Matumbawe yalichimbwa hadi karibu na usawa wa maji ya ardhini, na René Haller, ambaye bustani hiyo ina jina lake, alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971 alikuta sakafu ya mawe matupu yenye maji ya chumvichumvi karibu tu chini yake. Mabwawa ya humo yalipatikana kwa kuendelea kuchimba hadi kukutana na maji hayo. Chumba cha chini kilichokatwa kwenye matumbawe ni chimbo dogo la namna hiyo hiyo.

Kipimo chake ni rahisi. Ikiwa una kisima, au jirani anacho, teremsha kamba yenye uzito upime maji yako umbali gani kutoka mdomo wa kisima. Pima siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ikiwa imejaa. Rudia siku za maji mafu. Karibu na bahari utaona kiwango cha kisima kinapanda na kushuka kwa kuifuata bahari. Kisha chukua ule mpira mwembamba unaoonyesha maji, ambao waashi husawazishia msingi, uhamishe usawa wa mdomo wa kisima hadi chumbani. Sasa utajua sakafu yako imeachana na maji kwa kiasi gani. Ukikuta kwamba maji ya bamvua ya masika yako chini ya sakafu kwa nusu mita tu au pungufu, soma kwanza sehemu ya sakafu hapa chini kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa simiti.

Yanatoka wapi?

Kata vipande viwili vya nailoni angavu, nusu mita kwa nusu mita. Kimoja kibandike ukutani na kingine sakafuni, pande zote nne zikazwe kwa selotepu pana. Viache siku mbili. Matone yakijikusanya kati ya nailoni na ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta au nyuma yake. Yakijikusanya juu ya nailoni, upande wa chumba, hiyo ni hewa yenye joto na unyevu inayokutana na ukuta baridi, na hapo utashughulika na madirisha zaidi kuliko msingi. Pande zote mbili zikilowa, una shida mbili, na unaanza na ile ya ukuta.

Angalia pia umbo la doa. Majimaji yanayoanza sakafuni na kupanda karibu sawasawa ukuta mzima, yakikoma kabla ya kufika kifuani, yanapanda kutoka kwenye msingi. Ama nyumba haina DPC, yaani ile tabaka ya kuzuia unyevu kupanda kutoka kwenye msingi, ama ipo lakini udongo wa nje umeipita. Doa moja linalokua hata Januari, wakati hakuna mvua, ni la bomba, tangi au chemba. Wengi wetu tuna matangi ya chini ya ardhi kwa sababu maji ya mfereji huja kwa zamu. Funga bomba la kuingizia usiku, watu wakishalala, na uweke alama ya chaki pale maji yalipofika. Alfajiri, kabla mtu hajateka, angalia tena. Maji yakiwa yameshuka, chemchemi ya chumbani kwako umeipata. Na maji yenye povu la sabuni au harufu ya choo usiyatafutie rangi wala pampu. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mashimo ya choo hapa chini.

Unga mweupe unaochomoza ukutani ni chumvi. Yaweza kuwa ilikuja na mchanga wa bahari uliotumika kujengea, na yaweza kuwa imeletwa na maji ya ardhini. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani, ndiyo maana ukuta huo hulowa siku za mvua hata kama hakuna tone linalovuja. Usiuoshe kwa maji, kwa sababu chumvi itayeyuka na kurudi ndani. Isugue ikiwa kavu, kwa brashi ngumu, uizoe kwenye karai na kuitupa mbali.

Kazi kubwa iko nje

Anza na paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 10 kwa 10, mvua ikinyesha milimita 50 kwa siku, jambo lisilo geni Mombasa mwezi wa Mei, linamwaga lita 5,000. Kama hakuna gata, maji yote hayo yanaanguka hatua moja tu kutoka kwenye ukuta wako, na chumba cha chini ndicho kinachoyapokea. Weka gata pande zote, bomba la kushushia liingie tangini (katika mji wenye shida ya maji, kuyaacha yapotee ni hasara mara mbili), na maji ya tangi lililofurika yapelekwe kwa bomba angalau mita 3 kutoka ukutani. Nimeona vyumba vilivyokauka kwa kazi hii peke yake, na ndiyo rahisi kuliko zote humu.

Baada ya paa ni uwanja. Ardhi iteremke kutoka ukutani sentimita 5 kwa kila mita, kwa mita mbili au tatu za mwanzo. Ukuta ambao haukukusudiwa kuzikwa, udongo wa nje uwe chini ya DPC kwa sentimita 15 au zaidi. Zunguka nyumba yako uangalie. Utakuta rundo la mchanga uliobaki tangu ujenzi, kitalu cha maua, kifusi cha choo cha zamani, vyote vimeegemezwa ukutani na kuruka ile tabaka ya kuzuia maji. Viondoe.

Ikiwa barabara ndiyo iliyo juu yako, utahitaji ukingo wa zege mbele ya mlango, na nyuma yake mtaro wenye kifuniko cha chuma unaokatiza maji na kuyapeleka pembeni. Yaelekeze kwenye mtaro wa barabara kwa idhini ya wenye barabara, ambao ni KeNHA kwa barabara kuu, na KURA au kaunti kwa njia za mitaani. Usiyaelekeze kwa jirani. Kumhamishia mwenzio mafuriko ni kununua kesi, na mtakaa mkitazamana miaka yote.

Kwa ukuta uliozikwa kwenye mteremko, hasa Changamwe, kuna kazi ambayo hakuna plasta inayoweza kushika nafasi yake: mfereji wa kina wenye kokoto. Chimba kando ya ukuta hadi chini kidogo ya usawa wa sakafu ya chumba, lakini usifike chini ya kitako cha msingi hata siku moja. Chimba kipande cha mita moja au moja na nusu, kimalize na kukijaza, ndipo uende kipande cha pili. Ukiuacha ukuta mzima wazi kwenye udongo mfinyanzi halafu mvua ikaja, unaweza kuupoteza. Shimo linalompita mtu kiuno liwekewe mbao za kuzuia kingo, kwa sababu udongo ukiporomoka haumpi fundi nafasi ya kuruka.

Ukuta ukiwa wazi, usugue, ziba mashimo, upige lipu ya simiti yenye dawa ya kuzuia maji, kisha upake lami ya maji mikono miwili. Tandika kitambaa cha kuchuja ndani ya mfereji, chini weka bomba la milimita 100 lenye matundu, likiteremka sentimita moja kwa kila mita, na ujaze kokoto ngumu za kuoshwa. Vipande vya matumbawe usivitumie ingawa ni rahisi kupatikana. Vinasagika, na unga wake huziba matundu. Funika kwa kitambaa, na sentimita 20 za juu ziwe udongo ulioshindiliwa ili maji ya uwanjani yasiingie humo. Maji ya gata yasiunganishwe na bomba hili kamwe. Mwisho wa bomba utokee mahali unapopaona kwa macho, chini ya mteremko. Mvua ikinyesha na bomba halitoi kitu, jua limeziba.

Kwenye ardhi tambarare watu huishilizia bomba katika shimo la kunyonya maji. Ijaribu ardhi kwanza. Chimba tundu la sentimita 30 kwa 30, kina 60, ulijaze maji usiku kucha, asubuhi ulijaze tena na kupima. Maji yakishuka chini ya sentimita mbili na nusu kwa saa, shimo hilo litakuwa kisima tu cha kulowesha msingi wako. Kwenye matumbawe yatakimbia. Kwenye mfinyanzi wa Magongo usitarajie mengi.

Mashimo ya choo

Changamwe kuna mtandao wa maji taka unaokwenda kwenye mtambo wa Kipevu, ingawa si kila nyumba imeunganishwa. Sehemu kubwa ya Kisauni na Likoni hutegemea mashimo na matangi ya choo, na katika ploti za kupangisha, shimo huwa chini ya dirisha la mtu. Shimo lililojaa husukuma maji yake pembeni, na ukuta wa chumba cha chini ndio wa kwanza kuyapokea. Lifungue ulione kabla ya masika. Likiwa limefika juu, ita gari la kunyonya, halafu angalia kama ukuta unakauka katika wiki mbili tatu zinazofuata. Ukikauka, jibu umelipata, na shimo lihamishwe au lijengwe upya lisivuje.

Jambo hili lina uzito kuliko rangi iliyobabuka. Umbali unaopendekezwa kati ya shimo la choo na kisima ni mita 30, na kwenye matumbawe yenye nyufa hata huo si wa kuutegemea sana. Visima vya Kisauni vilipochunguzwa vilikutwa na bakteria wa kinyesi. Ikiwa maji ya chooni yamefika chumbani, huenda yamekwisha kufika kisimani pia. Maji ya kisima hicho usinywe bila kuyachemsha au kuyatia dawa.

Ukuta upande wa ndani

Sasa ndipo tunapoingia ndani, na iwe kaskazi, Januari au Februari, ukuta ulipokwisha kupumua. Bomoa plasta iliyooza hadi nusu mita juu ya pale unyevu ulipokoma, maana chumvi imepanda kuliko jicho linavyoona. Sugua, acha ukauke, sugua tena.

Hapa kuna kuta za aina mbili, na mafundi wengi huzichanganya. Ukuta uliozikwa, wenye udongo na maji nyuma yake, unahitaji simiti: tabaka mbili za uji wa simiti wenye dawa ya kuzuia maji, zikipakwa kwa brashi ngumu juu ya ukuta uliolowanishwa, ya pili ikikatiza ya kwanza, kisha lipu ya simiti moja kwa mchanga wa mto tatu au nne. Pembe ya ukuta na sakafu izungushiwe zege la mviringo, kwa kuwa maji hupenda kupita pale. Mwagilia wiki nzima. Lipu iliyokauka kwa jua la siku moja itapasuka.

Ukuta wa matumbawe ulio juu ya ardhi, ambao unyevu wake unapanda kutoka chini, unataka chokaa. Mafundi wa Mji wa Kale, wa Lamu na wa Unguja waliipaka karne nyingi kwa sababu chokaa huuacha ukuta utoe unyevu wake. Ukiufunika kwa simiti pande zote mbili, maji hayakomi. Yanatafuta njia juu zaidi, na doa lililokuwa magotini utalikuta kifuani. Juu ya chokaa paka chokaa, au rangi isiyoziba vinyweleo. Rangi ya mafuta isikanyage hapo.

Sakafu na pampu

Maji yaliyosimama mita moja husukuma kwa uzito wa karibu tani moja kwa kila mita ya mraba. Zege la sentimita 10 lina uzito wa kilo 240 hivi kwa mita hiyo hiyo. Maana yake, maji ya ardhini yakipanda robo mita tu juu ya kitako cha zege hilo, yanatosha kuanza kuliinua au kulipasua. Fundi anayekuambia atamwaga simiti nyembamba juu ya sakafu inayotoa maji kisha mambo yaishe, mwambie hesabu hiyo.

Pale maji yanapokuja kwa vipindi, masika au bamvua, njia ya uhakika ni kuyapokea. Katika pembe iliyo chini kuliko zote chimba kishimo cha sentimita 60 kwa 60, kina 75 hivi, ukijengee kuta zenye matundu na kuzungushia kokoto. Weka pampu ya kuzamishwa yenye boya linaloiwasha na kuizima, na vali ya kuzuia maji kurudi. Bomba litoe maji nje mbali na ukuta. Stima hukatika mvua inapokuwa kubwa, kwa hiyo uwe na betri yenye inveta, au pampu ya mkono. Jenereta usiiwashe ndani ya chumba cha chini kwa hali yoyote. Moshi wake huua watu kimya kimya. Na ukikuta chumba kimejaa maji, zima swichi kuu kwanza, kabla hujatia mguu. Kama swichi yenyewe iko ndani ya maji, kaa nje na umwite fundi wa stima.

Angalia maji yanayotolewa na pampu. Yakiwa na mchanga, simamisha. Unachotoa ni ardhi iliyobeba msingi wako, na hapo unahitaji mhandisi.

Kuhusu hewa, maneno machache yanatosha. Fungua madirisha yanayotazamana mchana wa jua na upepo. Jioni ya mvua yafunge, kwa maana hewa ya nje wakati huo ina unyevu kuliko ya ndani. Makabati na vitanda vikae mbali na ukuta kwa upana wa kiganja.

Na kuna chumba ambacho haya yote hayatakifaa. Ikiwa kipimo chako cha kisima kimeonyesha kwamba maji ya bamvua yanapita usawa wa sakafu, pampu yako itakuwa inashindana na Bahari ya Hindi kila baada ya wiki mbili. Chumba hicho kijaze kifusi kigumu kilichoshindiliwa tabaka kwa tabaka, tandika nailoni nzito, umwage sakafu mpya juu ya usawa wa maji, au kama dari haliruhusu, kigeuze tangi la maji kwa ushauri wa mhandisi. Usikipangishe. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2009, katika mwongozo wake kuhusu unyevu na kuvu majumbani, kwamba wanaoishi katika nyumba za namna hiyo huugua zaidi kifua na pumu. Mwenye nyumba anayejua maji yanapanda humo, tafadhali, asimlaze mtoto wa mtu kwa ajili ya kodi ya mwezi.